Mlango Usiosikia Hodi

Siku niliyoacha kazi, vijana wa karakana waliniletea keki yenye umbo la mlango. Ilikuwa na kitasa cha chokoleti na bawaba tatu za sukari. Niliizunguka, nikapitisha kidole upande wa bawaba, nikawaonyesha ufa. "Hapa upepo unaingia," nikasema. Wakacheka, lakini ufa ulikuwepo kweli.

Tulipomaliza kuila wakaniomba niandike yale niliyoyaona kazini, ili wanaokuja nyuma wasianze upya kila kitu. Mimi naandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la sita, milimani kwetu Kivu ya Kusini, ambako kazi kubwa ya mlango ilikuwa kuzuia ndama asiingie kulala na watu. Sitaandika habari za mishahara wala nani alipandishwa cheo. Mambo hayo hayamfundishi mtu kuinua mlango wa mwaloni bila kuumiza mgongo. Nitaandika habari za milango ya mbele ya nyumba za zamani, upepo wake na kelele zake, katika miji mitatu niliyofanyia kazi: Louisville, Columbus, na hapa Buffalo.

Louisville ndipo tulipofikia. Kama wengi wetu nilianzia ghalani, nikipanga maboksi. Baadaye ofisi ya wakimbizi iliyotupokea ikanitafutia nafasi kwa fundi mmoja mzee, Mmarekani aliyeitwa Earl. Earl alikuwa na gari moja la kazi na mbwa mmoja mvivu, na alitengeneza milango ya mbele ya zile nyumba ndefu za matofali, zilizojengwa wakati watu walikuwa na mahali pa kuotea moto katika kila chumba na hawakujali kama mlango unafunga. Sikio lake la kushoto lilikuwa limeharibiwa na misumeno. Yaani mtu aliyelipwa kupunguza kelele alikuwa nusu kiziwi. Nilipopata Kiingereza cha kutosha nilimwuliza habari hiyo. Akasema, "Ndiyo maana wateja wananiamini. Mimi kelele nimezipunguza mpaka ndani ya kichwa changu."

Siku ya kwanza hakunipa chombo chochote. Alinichuchumaza mbele ya mlango na kunionyesha mwanga wa jua unaopita pembeni. Kisha akachana kipande cha karatasi ya chooni, akakipitisha taratibu kando ya fremu. Mahali karatasi ilipocheza, akaweka alama ya chaki. "Kwanza tafuta, halafu ziba," akasema. "Watu huziba kwanza, halafu wanatafuta kwa nini bado wana baridi." Mpaka leo nina karatasi ya chooni katika sanduku la zana, na mpaka leo kuna wateja wanaoitazama wakidhani nimekuja na shida yangu binafsi.

Baada ya upepo akapima kelele. Alisema upepo na kelele ni ndugu wa tumbo moja. Anapopita mmoja, mwingine anamfuata. Akaingia ndani, akafunga, akaniacha barazani na agizo moja: nizungumze. Sasa, mimi nilikuwa kijana mwenye haya sana, na haya ile ilinifuata mpaka nikaota mvi. Kusimama mtaani kwa watu, mbele ya mlango uliofungwa, nikazungumza na mbao? Nilisogea karibu nikanong'ona. Earl akafungua, akatingisha kichwa kwa furaha. "Mlango mzuri ajabu!" Tukaenda nyumba ya pili, nayo nzuri ajabu. Nyumba ya tatu akaanza kushuku. Alifungua ghafla akanikuta nimeinama, nanong'oneza kitasa.

"Unaongea na nani?"

"Na wewe, bosi."

Alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku la zana. Kisha akaniuliza, nusu kwa maneno na nusu kwa mikono, kwetu tunamwitaje ng'ombe aliye mlima wa pili. Nikamwonyesha. Mama wa nyumba ya ng'ambo akafungua dirisha, na yule mbwa akaingia chini ya gari. Tangu siku hiyo nilikuwa sauti rasmi ya kampuni.

Kwa Earl nilijifunza jambo ambalo vijana wengi hawataki kulisikia, kwa sababu halina furaha ya kufungua pakiti mpya: kabla ya kubandika mpira wowote, tazama bawaba. Mlango wa zamani ni mzito na umechoka. Kona ya juu, upande wa kitasa, inainama, na chini unaburuta. Ukibandika mpira kwenye mlango uliolegea ni sawa na kumvika mlevi suti: atapendeza, lakini bado ameegemea ukuta. Toa skrubu moja fupi ya bawaba ya juu, weka ndefu inayofika kwenye nguzo ya ukuta nyuma ya fremu, na uikaze polepole huku mwenzako ameuinua mlango kidogo. Utauona unasimama kama askari aliyemwona mkubwa wake. Ndipo ukwangue ile rangi ya miaka na miaka iliyogandamana pembeni. Ndipo utazame kizingiti, ambacho katikati huwa kimelika kwa viatu vya watu waliokwisha kufa. Mpira ni wa mwisho.

Earl alipozidi kuzeeka akaenda kuishi kwa binti yake kwenye joto. Aliniachia randa yake ndogo, akabaki na mbwa. Nami, kwa kuwa ndugu wa mke wangu walikuwa Columbus, tukahamia huko.

Columbus niliingia katika kikosi cha mafundi kilichozunguka kuziba nyumba za matofali kabla ya baridi. Mwenzangu wa kila siku alikuwa Nestori, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama rula. Changu cha Kivu kilimpa homa. Lakini mikono yake ilikuwa na subira ambayo sikuwahi kuiona tena. Yeye ndiye aliyenifundisha ukanda wa shaba: ule wembamba uliokunjwa, unaopigiliwa kwa vimisumari vidogo ndani ya fremu, ili mlango ukifungwa uubane, na ukifunguliwa ukanda urudi ulivyokuwa, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Mpira hufa baada ya miaka michache. Sponji ya kubandika ni ya mtu ambaye tayari amefunga mizigo ya kuhama. Ukanda wa shaba utatuzika sote. Ni kazi ya kuchosha vidole, na Nestori alikuwa akiifanya huku akiimba, jambo lililowachosha wengine wote.

Kazi iliyotusumbua zaidi Columbus ilikuwa ya mama mmoja aliyefundisha muziki maisha yake yote. Mlango wake ulipiga mluzi kila upepo ulipotoka magharibi. "Mluzi ningeuvumilia," alituambia kwa uchungu wa kweli, "lakini hauko kwenye noti. Unakaribia, halafu haufiki." Tulibadilisha mpira. Tukaweka ukanda wa shaba. Tukaweka brashi chini, na kifuniko cha pili ndani ya tundu la barua. Kila tuliporudi upepo ulikuwa umetulia, na mlango ukanyamaza kama mtoto mbele ya mgeni. Tukiondoka tu, simu: umeanza tena, na bado hauko kwenye noti.

Mwishowe upepo ukatukuta pale pale. Mluzi ukalia. Nestori akasimama, akafikiri, akalowesha kidole, akakiweka kwenye tundu la ufunguo. Kimya. Akatoa kidole: mluzi. Akaweka, akatoa, akaweka, akatoa, kisha akaanza kuucheza ule mlango kama filimbi mpaka yule mama akaegemea ukuta kwa kicheko. Kifuniko kidogo cha shaba, kisichozidi ukucha wa dole gumba, kikamaliza kazi. Nestori hakukubali kamwe kwamba ilikuwa bahati. Kila tulipofika nyumba mpya alikwenda kwenye tundu la ufunguo kwanza, akaliangalia kwa jicho moja kama daktari, na mimi nikabaki nimebeba zana zote. Lakini mfuateni. Anzeni na tundu la ufunguo.

Kisha Buffalo. Watoto wetu walitangulia huku, wakatuambia nyumba zinapatikana na watu wa kwetu ni wengi. Walisahau kutaja upepo wa ziwani. Miji mingine upepo hutafuta ufa. Buffalo upepo unakuja na ufa wake. Nilifanya kazi mitaa yote, kuanzia zile nyumba za Kensington-Bailey ninakokaa mpaka zile zilizopangana vizuri za Kenmore, ambako kila mwenye nyumba atakueleza historia ya mlango wake kabla hujapewa kiti. Ningeweza kuandika mengi, lakini kuna kazi moja ambayo nyote mnaniuliza kwa sababu mmeisikia vibaya kutoka kwa watu ambao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Kabla ya kazi hiyo sikuwahi kumwuliza mteja wageni wake wanajitangazaje. Sasa ndilo swali langu la kwanza, kabla hata ya kutoa ile karatasi.

Mama Nabintu ni mjane wa kanisani kwetu, anayekaa mtaa wa Riverside, hapa hapa Buffalo. Alifanya kazi ya kutunza wazee shifti za usiku na kulala mchana, katika chumba cha chini kilicho karibu na mlango wa mbele, kwa sababu magoti yake yamekataa ngazi. Nyumba ni ya mbao, ya zamani, na mlango ni wa mwaloni wenye kioo cha umbo la yai. Mzuri sana kuutazama. Lakini mbele yake yalipita malori, basi la shule, na jirani mwenye pikipiki ambayo hakuitengeneza kwa sababu aliipenda inavyokohoa.

"Papa Rubeni," akaniambia, "mi nalalaka sawa mutu iko ku gare ya treni. Mugonjwa mwenye namuhudumia analala kunipita. Bon, fanya hii mulango inyamaze."

Tukaufanya unyamaze. Nilikuwa na vijana wawili hodari, na nilitaka kuwaonyesha kila kitu nilichojua, jambo ambalo fundi anayekaribia kustaafu asiachiwe kufanya. Tulikaza bawaba ya juu. Tukaweka ukanda wa shaba pande tatu na brashi nzito chini. Nyuma ya kile kioo cha yai tukaongeza kioo cha pili. Nje tukaweka mlango mwingine wa kioo kinene, wa kukinga theluji, na ndani tukatundika pazia zito kama blanketi. Madirisha ya mbele tukayafunika nailoni ya kuzuia baridi, isiyoonyesha nje. Tulipofunga, pikipiki ya jirani ikawa kama inzi katika nyumba ya watu wengine.

Baada ya wiki Mama Nabintu akanipigia simu. "Papa Rubeni, nimelala mpaka nimeogopa nimekufa." Kanisani akanisifu mbele ya watu, nami nikatazama viatu vyangu. Na hakuna aliyegundua lolote, kwa maana sisi sote tuliomtembelea tulipita mlango wa pembeni, ule wa upande wa magari. Hodi ya pale inaingia moja kwa moja jikoni.

Sasa, Mama Nabintu alikuwa na binti mmoja, Furaha, na Furaha alichumbiwa na kijana wa Columbus, Amani. Kijana mzuri, mpole, anayeendesha mashine za kubeba mizigo. Wazazi wake wakapanga kuja kuomba rasmi. Nami nikachaguliwa kuwa msemaji wa upande wa binti, pengine kwa sababu msemaji mwenye haya hawezi kuharibu mengi.

Ninyi mliozaliwa huku lazima niwaeleze. Siku kama hiyo wakwe hawapiti mlango wa pembeni kama mtu anayeleta unga wa muhogo. Wanakuja mbele. Hawapigi simu, kwani maneno ya siku ile hupita kwa mshenga, na mshenga yuko pamoja nao. Hawabonyezi kengele, maana kengele ni ya mtu wa pizza. Wanasimama, wanaita hodi kwa sauti ya heshima, isiyo kubwa, kwa sababu hakuna anayempigia mkwe kelele. Wanaita mara tatu. Isipojibiwa ya tatu, wamekataliwa, nao wanaondoka bila kugeuka nyuma.

Jumamosi hiyo mchana tulikuwa tumekaa sebuleni, tumevaa vizuri. Jikoni ndizi na nyama zilikuwa tayari. Dada yake marehemu mume wa Mama Nabintu, Shangazi Esta, ambaye ulimi wake unajulikana mpaka Louisville, alikuwa amekaa karibu nami. Mazungumzo yalipungua, nami, ili kuyajaza, nikawaonyesha kazi yangu.

"Sikilizeni," nikasema. "Sikilizeni hicho kimya."

Wote tukakisikiliza. Tulikisikiliza muda mrefu, vichwa vimeinama kama kwenye sala. Na wakati huo huo, kama tulivyokuja kujua, baba yake Amani alikuwa barazani ndani ya theluji, anaita hodi.

Tuliendelea kungoja. Mama Nabintu akasema labda barabara ni mbaya. Chakula kikapoa, kikapashwa moto, kikapoa tena. Kisha Furaha akashuka ngazi akiwa na simu mkononi. Alisema kwa Kiingereza kwanza, haraka, halafu akarudia kwa Kiswahili ili hata sisi tuumie.

"Walikuja. Waliita mara tatu. Wameenda kwa ndugu yao Kensington-Bailey, na leo leo wanarudi Columbus. Papa yake Amani amesema nyumba isiyoitika haina binti."

Akakaa kwenye ngazi na gauni lake zuri, akafunika uso. Amani alikuwa amemwandikia kwamba hatampinga baba yake. Kama gari lao lingeondoka Buffalo, ingekuwa imekwisha.

Kimya changu kilikuwa bado kinafanya kazi vizuri sana. Mama Nabintu akanigeukia.

"Papa Rubeni. Mulango yako imekula bakwe yangu."

"Na haijacheua," akaongeza Shangazi Esta. "Enda ubatoe ku tumbo."

Nikaenda. Niliwakuta wamekaa sebuleni kwa ndugu yao: baba yake Amani, Papa Yeremia, na mama yake, Mama Rebeka, pamoja na mshenga aliyekuwa anatazama sakafu. Amani mwenyewe alisimama karibu na dirisha kama mtu anayengoja basi lisilokuja. Papa Yeremia ni mwanamume mpana, mwalimu wa kwaya, mwenye sauti nzito inayotetemesha vikombe. Nikaeleza mambo ya mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Donc," akasema, "unaniambia mulango imekataa sauti yangu."

"Haikuikataa, Papa. Haikuisikia."

"Mimi hii sauti inasikilikaka bila mikro. Batu elfu mu kanisa, banasikia. Leo mbao ya Riverside njo isisikie?"

"Na mimi niliita," akasema Mama Rebeka.

"Wewe uliita kidogo."

"Niliita sawa bibi wa heshima. Ulitaka nipige makelele ku bakwe?"

Nikawaomba warudi, nikasema wakiita sasa tutaitika sote. Hapo akainua mkono. "Papa Rubeni, wewe ni mutu muzima. Hodi ya ine umeisikia wapi? Hodi ya ine haiko. Niliisha kuita. Nikirudi kuita tena, watoto wangu batasema baba yao aliomba-omba ku mulango."

Na alisema kweli. Hodi ya nne haipo. Kichwani mwangu hamkuwa na kitu ila milango. Mtu wa kazi moja, akibanwa, hukimbilia kazi yake. Nikasikia mdomo wangu unauliza: "Papa, nyumba yenu ya Columbus ni ya zamani?"

Akashangaa. "Ya matofali. Ya zamani sana."

"Mlango wa mbele unapitisha upepo?"

Mama Rebeka akajibu kabla yake. "Unapitisha mpaka wanyama. Mi nalala na kofia."

"Basi njoo uone kazi yangu," nikamwambia Papa Yeremia. "Siyo kama mkwe. Mkwe aliita, hakuitikiwa, ameondoka, sitamgusa huyo. Njoo kama mteja. Mteja haiti hodi. Fundi ndiye anayemfungulia."

Niliona anatafuta mahali ambapo heshima yake itachubuka, asipaone. Mama Rebeka alikuwa amekwisha simama na mkoba.

"Muteja anaweza kuja na bibi yake?" akauliza.

"Anaweza," nikasema, "lakini bibi abaki nje. Tutamhitaji kwa kupima."

Tukarudi Riverside. Nilitangulia jikoni kuwaambia kwamba anayekuja ni mteja tu, mtu asimsalimu kama mkwe. Nikampitisha mlango wa pembeni. Mama Nabintu aliinamia sufuria, akakoroga chakula kilichokwisha iva tangu asubuhi, asimwone. Papa Yeremia naye akapita akitazama dari. Shangazi Esta peke yake ndiye aliyethubutu kusema, "Karibu, muteja," na nikamtolea macho.

Mlangoni nilifanya kazi yangu kama kwa mteja mwingine yeyote. Nikamwonyesha bawaba, ukanda wa shaba, kioo cha pili. Akapitisha kidole, akauliza kama brashi ya chini haitakwaruza sakafu, na kama pazia linafuliwa. Yalikuwa maswali mazuri. Nadhani kwa dakika chache alisahau kuwa amekasirika; upepo wa nyumbani kwake ulikuwa umemtesa zaidi yetu. Nje, barazani, Mama Rebeka, Amani na mshenga walikuwa wamejipanga pale pale walipokuwa wamesimama mwanzo. Nilikuwa nimewaambia waite kama walivyoita, si zaidi. Mama Rebeka ndiye angeanza.

Nikasogeza pazia. Kupitia kile kioo cha yai tukamwona wazi, theluji imemkaa kwenye kilemba. Akafungua mdomo. Akaufunga. Papa Yeremia akatega sikio.

"Ameanza?"

"Ameita ya kwanza, Papa."

Mama Rebeka akaita ya pili. Tulimwona kifua kinapanda na kushuka. Ndani, tulisikia friji. Papa Yeremia akasogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo, akaupangusa kwa mkono wa koti, akamtazama mkewe anavyosema bila sauti. Uso wake ukaanza kulegea.

"Miaka yote hii ya ndoa," akasema polepole. "Papa Rubeni. Hii mulango unauzisha bei gani?"

Nilitaka kumjibu, lakini nje Mama Rebeka aliita ya tatu. Alisubiri kidogo, mikono imeshika mkoba. Kisha, kama inavyotakiwa, akageuka. Mshenga akageuka naye, Amani akafuata, wakaanza kushuka ngazi za baraza bila kutazama nyuma. Nilikuwa sijawaambia waende mpaka hapo. Lakini walikuwa watu waliolelewa vizuri, na hodi ya tatu ilikuwa imekwisha.

Yule mwanamume hakufikiri. Mtu ambaye maisha yake yote hajaacha mgeni aondoke mlangoni, na ambaye sasa anamwona mkewe mwenyewe anaondoka bila kuitikiwa, hawezi kufikiri. Alishika kitasa, akauvuta mwaloni, akausukuma mlango wa kioo mpaka ukapiga ukuta, na sauti ile ya kwaya ikatoka yote:

"Karibu! Karibuni ndani! Mungie, kuko baridi!"

Jirani wa pikipiki akatoka nje kutazama. Mama Rebeka akageuka, akamtazama mumewe amesimama katikati ya mlango wa watu ameushikilia kwa mkono mmoja, akaweka mkono mdomoni. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

Nyuma yetu Shangazi Esta akatokea ukumbini na mwiko, na Mama Nabintu nyuma yake, na nyuma kabisa Furaha, amepiga magoti kwenye ngazi ili aone.

"Nimesikia mutu anakaribisha batu mu nyumba yetu," akasema Shangazi Esta. "Ni nani?"

Papa Yeremia akaachia kitasa kana kwamba kimemchoma. "Ni mimi," akasema.

"Muteja?"

Na wageni walikuwa wamekwisha ingia, wanakung'uta theluji kwenye zulia, kwa sababu walikaribishwa vizuri, na mtu akikaribishwa vizuri haulizi maswali. Mama Nabintu akawapokea makoti. Furaha akaenda mbio kupasha chakula moto mara ya tatu, akapita karibu na Amani bila kumtazama, kwa namna ambayo kila mtu aliiona.

Tukakaa, tukaomba, tukala, tukaanza maneno ya mahari. Ng'ombe waliotajwa ni wa maneno, kwani Riverside haina malisho, lakini hata ng'ombe wa maneno hupunguzwa, na Papa Yeremia alikuja amejiandaa kuwapunguza. Kama msemaji sikuwa na kazi. Kila Papa Yeremia alipofungua mdomo, Shangazi Esta alimtangulia.

"Papa, kwetu anayesemaka karibu ku mulango ni nani? Ni mwenye nyumba. Sasa mwenye nyumba gani anapunguza ng'ombe ya nyumba yake?"

Mara ya mwisho alipojaribu, Papa Yeremia alimgeukia mkewe amsaidie. Mama Rebeka akajitengeneza kitini, akachukua kikombe chake cha chai, akasema yeye hawezi kuingilia. Yeye ni mgeni tu, amekaribishwa.